Tabaka la Kwanza

Tuta.
Neno dogo, la mtu wa viazi,
la dereva anayekanyaga breki ghafla.
Lakini hili linatoka kilima hadi kilima,
handaki lake ubavuni, upande wa magharibi,
limewapa Waingereza kisogo
na kuwakodolea Wawelshi macho
hata baada ya walinzi kwenda zao.

Kibao cha maegesho kinasema mfalme alilijenga.
Mfalme! Kana kwamba alishika sepetu.

Siku hizi linapita nyuma ya jiko la Bi Tegwen Probert,
chini ya kamba yake ya kuanikia,
linakatwa na barabara, linazuka kwenye uwanja wa gofu,
linapotelea chini ya zizi la bwana mmoja
aliyeita tingatinga siku ya Jumapili
kisha akaapa mbele ya hakimu
kwamba yeye aliona kichuguu tu.
Sungura nao huchimba usiku, bila kibali.

Sisi tulikuwa na kibali. Mtaro mmoja, mita mbili kwa tisa.
Kazi yangu daftari: tabaka, rangi, kina, kilichopatikana.
Mla ni mla leo, mla jana kala nini?
Kwa wengine ni methali. Kwetu ni ajira:
tunachekecha mkaa,
tunahesabu punje za shayiri zilizoungua,
tunauliza kwa mswaki.

Siku ya tatu, kina sentimita thelathini na moja,
Daktari Lowri Hamer akasema, "Hebu,"
kwa sauti aliyoiwekea akiba dhahabu.
Haikuwa dhahabu. Gari la bati,
wekundu umeliwa na kutu, gurudumu moja halipo.
"Takataka za juzi," akaguna. "Tabaka la kwanza.
Lipe namba hata hivyo."
Nikaandika: kumi na nne.

Bi Tegwen alikuwa anatuletea chai.
Ana miaka themanini na moja, hupanda tuta kwa ubavu.
Akaliona ndani ya mfuko wa plastiki
na vikombe vikaanza kugongana kwenye sinia.
"La Emlyn."
Basi. Hakuongeza neno mpaka chai ikapoa.

Mdogo wake. Yeye miaka tisa, Emlyn saba,
kiangazi cha ugonjwa wa kupooza.
Walikuwa wamegawana tuta, huku kwangu, huku kwako,
na kila gari likivuka lilipe ushuru wa peremende.
Siku walipompakia Emlyn kwenye gari la hospitali
Tegwen alilizika la bati pale juu kabisa,
asivuke mtu mpaka arudi.
Mpaka: neno la nchi, na neno la kungoja.
"Sikulifukua," akasema. "Hajarudi."

Akaomba apewe.
Daktari Lowri akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena,
akaeleza taratibu kwa upole wa mtu anayezichukia:
ile fomu ya Aprili, saini yake mwenyewe,
kila kitakachotoka ni cha makumbusho, ni cha umma,
sanduku, rafu, chumba kisicho na unyevu.
"Umma," akarudia Bi Tegwen, akitazama mashuka yake,
kama anayejaribu kulikumbuka jina la jirani.

Jioni nilibaki na daftari na manyunyu.
Kumi na tatu, kipande cha kiko.
Kumi na tano, msumari.
Huwa tunaandika kwa penseli
kwa sababu wino na mvua haviivi chungu kimoja.
Penseli ina kichwa cha raba.

Ripoti ilitoka mwaka uliofuata, kurasa mia mbili na sita.
Mkaa umetoa tarehe zake, wataalamu bado wanabishana.
Kwenye jedwali la vilivyopatikana
kumi na tatu inafuatwa na kumi na tano.
Daktari Lowri, ambaye nukta ikikosekana hupiga simu,
hakupiga.

Nikipita kwa Bi Tegwen naliona dirishani,
kati ya sabuni na kopo la mnanaa,
magurudumu matatu, limeelekezwa kwenye tuta.
Labda ni kulifuta vumbi tu, sijui,
lakini kila nikipita
limesogea mbele kidogo.